Fidla Niliyochelewa Kuirudisha Kindu

Mwaka mzima nawafokea wanafunzi wangu hapa Lubumbashi kwa kuchelewa. Anayeingia mazoezini baada ya saa kumi hupiga fidla yake akiwa amesimama mlangoni, mpaka nimsamehe. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimechelewa zaidi ya miaka ishirini, na aliyekuwa akinisubiri alikuwa bado anasubiri. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii ninayowasimulia.

Simu ilinikuta mchana, nikiwa nabishana na wapigaji wangu wa sauti ya pili. Alikuwa Feza, rafiki yangu wa ujana, anayeuza mpunga Kibombo.

“Kapinga, Papa Mayestro macho imekwisha,” alisema bila hata kunisalimia. “Haone tena. Anasema tuite wale wote wa mwanzo, tupige naye ile kipande mara ya mwisho. Treni ikipatikana, kuya.”

“Nitakuja.”

“Hapana sema tu. Kuya.”

Hakutaja fidla hata kidogo, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Niwaeleze basi. Papa Mayestro jina lake ni Ramazani Kitenge. Alikuwa mkuu wa stesheni ya Kindu, na ndani ya ghala la mizigo la stesheni hiyo alianzisha orkestra ya nyuzi. Watu tulikuwa wengi, vyombo vichache, kwa hiyo kila fidla ilikuwa na watu wawili. Mmoja akipiga, mwenzake alikaa kando yake akimwimbia noti sikioni kwa sauti ya chini, do, re, mi, asipotee, kisha wanabadilishana. Nyumbani nako fidla ililala kwa zamu, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa mwenzako, na kila Alhamisi saa kumi ilirudi ghalani. Mimi na Feza tulikuwa na fidla moja, ile nzuri kuliko zote, ya kahawia, yenye alama ya kuungua karibu na kidevu. Asubuhi ambayo baba yangu alitutoa Kindu kwa sababu ya vita, fidla ilikuwa kwetu. Nikaondoka nayo. Ilikuwa zamu yangu, ndivyo nilivyojiambia miaka yote hiyo, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Fidla hiyo ilinilea. Niliipiga harusini, kanisani na hotelini, nikaanza kufundisha, mwisho nikawa kiongozi wa orkestra yangu mwenyewe, yenye kibao mlangoni. Kila aliyeisifu nilimwambia ni urithi. Vita vilipoisha, nilisikia redioni kwamba treni ya Kindu imerudi. Nikaizima redio.

Basi nilifunga mizigo na fidla mbili. Moja ilikuwa mpya, ndani ya mkoba mweusi unaong'aa, ambayo nilikusudia kumpa Papa. Nyingine ilikuwa ile ya zamani, ndani ya sanduku lake la mbao, nimelizungushia blanketi na kulisokomeza chini ya nguo katika mfuko mkubwa. Kwa nini niliibeba ikiwa sikutaka kuitoa? Sijui niwaambie nini. Sikuwa na moyo wa kuitoa, na sikuwa na uso wa kwenda Kindu bila hiyo.

Jumanne asubuhi, stesheni ya Lubumbashi. Treni iliyotakiwa kuondoka saa mbili iliondoka saa tisa, na waliokuja kunisindikiza walikuwa wamekwisha kurudi kwao, wamekula na kuja tena. Nilipata kiti cha dirishani kati ya mama mwenye magunia ya chumvi na mchungaji aliyebeba spika kubwa kama kabati. Mchungaji alipouona mkoba wangu aliniomba nipige wimbo mmoja wa kubariki safari. Nilipiga, kwa fidla mpya. Ilikuwa na sauti safi, imenyooka, na haikunigusa popote. Mama wa chumvi alisema ni tamu sana.

Kamina tulikaa siku moja na nusu tukingoja kichwa kingine cha treni. Wasafiri walitandika mikeka kando ya reli, wakawasha majiko, na kabla ya jua kuwa kali pakawa kama mtaa ulioanza zamani. Nikikaa pale juu ya mfuko wangu, nilikumbuka kwamba Papa Ramazani alianzia stesheni kama hizi. Alikuwa mtoto wa Kindu, wa familia ya Kiislamu ya karibu na mto, akapelekwa Lubumbashi kujifunza kazi ya telegrafu ya reli. Karani mmoja mzee aliyekuwa na fidla alimfundisha baada ya kazi, noti kwanza, upinde baadaye. Papa alituambia kwamba alikaa miezi sita akiimba noti bila kuruhusiwa kuigusa fidla, na ndiyo maana sisi nasi ilibidi tuimbe.

Kutoka Lubumbashi alikwenda Kinshasa, na huko akapiga katika orkestra ya kweli, yenye watu wenye viatu vyeusi na vitabu vya noti vilivyochapwa. Walimwona ana sikio, wakampa kusimama mbele siku ambazo kiongozi hayupo. Ilikuwa imebaki kidogo tu apelekwe ng'ambo kusoma. Ndipo mama yake akapooza, naye Papa akaomba ruhusa ya miezi mitatu aje Kindu kumwangalia. Miezi mitatu hiyo haikuisha. Akarudi kazini kwenye reli, akapanda hadi mkuu wa stesheni, na siku moja akaona jinsi ghala la mizigo lilivyokuwa linarudisha sauti. Alitusimulia haya bila uchungu, huku akitafuta kofia yake. Kofia ya reli hakuivua hata akiongoza muziki, na fimbo yake ya kuongozea ilikuwa kijiti cha bendera ya kijani, ile ya kuruhusu treni iondoke, ameitoa kitambaa.

Kabalo tulipita tukiwa tumesimama kwenye behewa, maana viti vilikuwa vimejaa mbuzi wa bwana mmoja aliyesema ni wa harusi. Kongolo tulinunua samaki wa kukaanga na mihogo kupitia dirishani. Mchungaji na spika yake waliteremka huko, na kwa mara ya kwanza tangu Lubumbashi nikaweza kunyoosha miguu.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, Kibombo. Feza alikuwa amesimama karibu na magunia ya mpunga, mnene kuliko nilivyomwacha, kitambaa kimefungwa kichwani vilevile upande. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Nilipomfikia nililia tu, naye akanipigapiga mgongo kama mtu anayemcheulisha mtoto mchanga.

“Umekuwa muzee, Kapinga.”

“Na wewe je?”

“Miye niko biashara. Biashara haizeeke.”

Treni ilikuwa na shughuli za kupakia mpunga mpaka kesho yake, kwa hiyo alinipeleka kwake. Alipika wali mpya wa Kibombo, ule ambao harufu yake inakufikia kabla ya sahani, na sombe, majani ya mihogo, yenye mawese, na samaki. Nilikula mpaka nikaona haya. Baada ya chakula aliuangalia mkoba mweusi.

“Hii njo ya kwako?”

“Nimemletea Papa.”

“Na ile yetu?”

Niliona mahali pa kusema kweli, pamefunguka mbele yangu kama mlango, nami nikapita kando. Nilisema ilipasuka. Nilisema joto la Lubumbashi si kama la huku, gundi iliachia, ikapasuka kifuani, mafundi wakashindwa. Nilieleza sana, kama wanavyoeleza waongo wote. Feza alianza kukusanya sahani.

“Ole,” alisema. “Ilikuwa na sauti ile.”

Mfuko wangu mkubwa ulikuwa mlangoni, hatua tatu kutoka mguuni pake. Nilijichukia.

Nilimuuliza kama bado anapiga. Akacheka. Alikaa vita vyote Kindu, akaimba noti kando ya wengine walipohitaji, lakini fidla ya kupiga hakuwa nayo tena, na wengine nao walikuwa wawili wawili. Baadaye akaolewa Kibombo. Siku hizi akishusha mpunga Kindu huingia ghalani, husikiliza, kisha hurudi. Alisema hivyo bila kunilaumu hata kwa jicho. Afadhali angenitukana.

Kesho yake saa moja asubuhi tuliondoka Kibombo sote wawili, juu ya magunia yake. Njia hii ya Kibombo hadi Kindu ninaijua kwa miguu. Wakati wa vita treni zilikuwa zimekoma na mji wa Kindu umezingirwa. Aliyetoka kwenda kuchimba mihogo shambani hakujua kama watu wenye silaha watamwacha arudi. Baba yangu alikuwa fundi wa treni kutoka Kasai, hakuwa na shamba wala ndugu Kindu, na watoto walikuwa wamebaki macho tu. Alfajiri moja alituambia tuvae nguo mbilimbili. Tulifuata reli, taruma kwa taruma, zile mbao zinazolala chini ya reli, tukiingia msituni tukisikia watu, mpaka tukafika Kibombo, kisha kijiji cha Tunda ambako watu wema walitupa kibanda na mbegu. Sanduku la fidla nilililaza kila siku juu ya majani, mimi nikalala kwenye tope. Mama alinisihi nilitupe, nikakataa. Nilifikiri natunza mali ya orkestra. Kweli nilifikiri hivyo, wakati ule.

“Alhamisi ile,” nilimuuliza Feza behewani, “Papa alisema nini?”

“Alhamisi gani?”

“Ile ambayo sikuja.”

Aliangalia nje. Msitu ulikuwa unapita polepole sana, hata ungeweza kuchuma majani kwa mkono.

“Saa kumi aligonga ile chuma ya reli kama kawaida. Tukakaa. Kiti yako iko wazi. Akasema, tungoje kidogo, Kapinga iko anakuya. Tukangoja. Kisha tukaanza.”

Saa tisa alasiri, Kindu. Stesheni haikubadilika sana. Rangi imekwenda, mwembe wa nyuma umekatwa, na kile kipande cha reli bado kinaning'inia kwenye waya mbele ya ghala. Kiligongwa kutangaza treni na kilitumika kutupatia la, noti ya kukazia nyuzi, kwa sababu kinanda cha parokia kiliibwa mwanzo wa vita. Noti ya reli ile iko chini kidogo kuliko ya dunia nzima. Nilipofika Lubumbashi walinicheka miaka miwili kwa kukaza nyuzi kwa kipimo cha Kindu.

Papa Ramazani anaishi nyuma ya stesheni, katika nyumba ileile ya reli. Tulimkuta barazani, amevaa kanzu na ile kofia, tasbihi mkononi, macho yamefunikwa na utando kama maziwa. Niliweka mizigo yangu chini, sakafuni, nikapiga magoti.

“Njo nani?”

“Ni Kapinga, Papa.”

Alinyoosha mkono, akashika vidole vyangu vya kushoto, kimoja kimoja, akipima ugumu wa ncha zake.

“Unapiga kila siku,” alisema. “Nzuri. Muko na njaa? Feza, kuko ndizi kule ndani.”

Nilimpa fidla mpya. Niliisifia, nikasema ni ya mbao nzuri, nyuzi zake za kisasa, mkoba hauingizi maji. Aliipapasa tumbo na shingo, akaipigapiga kwa kidole, akashukuru kwa adabu sana.

“Mersi mingi, mutoto yangu. Ni kifaa muzima kabisa.”

Kisha akauliza habari za baba yangu, na nilipomwambia amefariki alisema dua. Hakuuliza juu ya fidla ya zamani. Feza naye hakusema. Nilikunywa chai yenye tangawizi nikijiambia kwamba mambo yamepita vizuri.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, ghala la mizigo. Papa hupanga mazoezi baina ya alasiri na magharibi, Waislamu wasikose sala na wa parokia wasikose ibada zao za jioni. Mpango huo ni wa zamani kuliko mimi. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje, walimu, wauguzi, mama wa sokoni, waendesha baiskeli waliovuka mto kutoka Alunguli. Wa mwanzo tulibaki wanne tu, tukapewa benchi mbele. Orkestra yenyewe sasa ni ya vijana, na niliona kwa furaha kwamba bado wanakaa wawili wawili, mmoja na fidla, mwingine mdomo karibu na sikio lake. Nyuzi siku hizi ni za dukani. Wakati wetu zilipokatika tulifungua waya za breki za baiskeli, na upinde tuliusugua kwa sandarusi, utomvu mkavu uliookotwa msituni.

Papa aliingia ameshikwa mkono, akasimama juu ya kasha lake. Kijiti cha bendera mkononi. Reli ikagongwa. Vijana wakakaza nyuzi zao kwa la ya Kindu, na mimi, mwenye kibao mlangoni, mwenye kipimo cha sauti ndani ya simu, nilisikia noti ile iliyo chini. Sikuwa nimeisikia tangu ujana wangu.

Walipiga ile kipande. Ni muziki wa polepole ambao Papa aliutunga mwenyewe mwaka treni zilipokoma. Unaanza kwa sauti nzito za chini, kama mabehewa yanayovutwa, kisha za kati zinaingia, na katikati fidla moja inapanda peke yake, juu, mbali na wengine. Hapo palikuwa petu, mimi na Feza. Tulipapiga kwa zamu.

Walipofika hapo, Papa aliinua kijiti na kukiacha hewani. Orkestra yote ikanyamaza.

Nilifikiri wamekosea. Lakini hakuna aliyetazamana na mwenzake. Pinde zote zilikuwa juu, midomo ya waimbaji wa noti inacheza bila sauti, wanahesabu. Ghala zima likakaa kimya, watu mia na zaidi, hata watoto mgongoni. Nilisikia bati likipanuka kwa jua. Nami nilihesabu, sikuweza kujizuia, nikaimba ndani ya kifua kila noti iliyokosekana, hadi thelathini na mbili. Kijiti kikashuka, wakaendelea pale fidla ilipotakiwa kuwa imeshuka.

Baada ya makofi nilimshika kijana mmoja wa fidla nikamuuliza, pale katikati kwa nini mlinyamaza.

“Ni vile imeandikwa, Mama,” alijibu, akinishangaa. “Njo muziki yenyewe. Mahali pa kungoja.”

Hakuna aliyewaambia vingine. Miaka yote hiyo walikuwa wakipiga kukosekana kwangu, wakidhani ni noti.

Nilitoka ghalani. Feza alinifuata, akadhani nimezidiwa na joto. Nyumbani kwa Papa niliuvuta mfuko, nikatupa nguo zangu barazani, nikatoa blanketi. Feza alipoliona sanduku la mbao alishika mdomo.

“Nilikudanganya,” nilisema. “Haikupasuka. Nilitaka kubaki nayo.”

Alikaa chini palepale kwenye sima, saruji ya baraza, akaligusa sanduku kwenye kona iliyochubuka, pale alipoliangusha yeye siku moja tukiwa wasichana na tukakubaliana tusimwambie mtu.

Niliporudi ghalani, Feza nyuma yangu, watu walikuwa bado wanapeana mikono. Nilimwendea Papa moja kwa moja, aliyekuwa sasa ameketi juu ya kasha lake, nikaweka sanduku magotini pake. Nilitaka kusema mengi, juu ya baba, juu ya taruma, juu ya redio niliyoizima. Nilisema tu, “Papa, nisamehe.”

“Juzi uliweka mizigo chini,” alisema, huku akifungua vibanio bila kutafuta. “Kitu ikagonga sima ndani ya nguo. Hii sanduku nilitengeneza miye, na mbao ya behewa. Nikasema, bon, ataitoa leo. Haukuitoa. Nikasema, ataitoa kesho.”

“Ilikuwa zamu yangu,” nilisema. Maneno yalitoka yenyewe, kwa mazoea, nikatamani ardhi inimeze.

Papa aliitoa fidla. Akatia pua kwenye tundu lake, akavuta harufu. Akapitisha kidole gumba juu ya alama ya kuungua. Machozi yalimtoka kwenye yale macho meupe, akayaacha yateremke.

“Ndiyo,” alisema. “Zamu yako ilikuwa murefu kidogo.”

Waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka nikilia, na nilidhani yamekwisha. Nilinyoosha mikono kuipokea. Wa mwanzo tupo, ghala limejaa, na noti zote thelathini na mbili nilikuwa nazo kichwani; nani mwingine angepiga pale pasipopigwa? Niliamini kabisa kwamba atanipa. Papa akaipitisha fidla upande wa pili.

“Feza iko wapi? Njo zamu yake.”

Feza alirudi nyuma. “Papa, hapana. Vidole vyangu ni vya mupunga sasa. Hata noti nimesahau.”

“Noti iko na muntu wa kuimba,” alisema Papa, na kwa kijiti chake akaniashiria kiti cha kando. “Kapinga, ikaa.”

Reli iligongwa mara ya pili kwa muziki siku hiyo, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Nililegeza nyuzi za fidla yangu, nasema yangu kwa mazoea tu, mpaka zikakubaliana na reli, nikampa Feza. Vijana walirudi vitini wakiulizana. Muziki ukaanza upya. Ulipofika pale katikati Papa aliinua kijiti, na vijana wakanyamaza kama walivyofundishwa, wakaanza kuhesabu.

Niliweka mdomo kwenye sikio la Feza na kumwimbia. Noti ya kwanza ilitoka imekwaruza, ya pili haikutoka kabisa. Niliendelea kuimba. Ya tatu ikaja. Alinifuata nyuma nusu noti, kama mtu anayevuka mto akishika bega la mwenzake, na tulipofika ya kumi alikuwa hanifuati tena, tunakwenda pamoja. Nilimwona kijana yule niliyemuuliza. Alikuwa ameacha kuhesabu, mdomo wazi. Papa alikuwa ameshusha kijiti, anasikiliza tu, kofia yake ya reli imekaa upande.

Jumapili asubuhi, stesheni ya Kindu, safari ya kurudi. Papa alikataa kuniachia hata fidla mpya. “Hapa watu ni wengi kuliko violoni,” alisema, “zote mbili itabaki.” Nilisafiri mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu utu uzima wangu, na sikujua mikono hiyo niiweke wapi.

Kibombo, saa kumi jioni. Feza aliteremka na magunia matupu, na sanduku la mbao kichwani. Papa alikuwa amemruhusu kukaa nalo mpaka treni nyingine ya kupanda kwenda Kindu, maana Alhamisi ya Kibombo huja treni inapotaka.

“Kisha njo zamu yako tena,” alinipigia kelele dirishani. “Lakini Lubumbashi haiende. Utaifuata Kindu.”

Nilimwangalia akipita katikati ya magunia, shingo imenyooka, hakushika sanduku hata kwa mkono mmoja. Treni ilipoanza kuvuta nilikaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya msichana mmoja aliyelala. Kuanzia Kibombo mpaka karibu na Kongolo niliimba zile noti thelathini na mbili kwa sauti ya chini, kama ilivyo kazi ya anayengoja.